Bango la banda lako Sabasaba: mtu anayepita ajue unauza nini kabla hajakupita

Mwaka wangu wa kwanza kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba nilikaa siku mbili nzima na asali yangu mezani huku watu wananiuliza kama hapa ndo wanaandikisha bima. Bango lilikuwa la mita tatu, zuri kweli, jina la kampuni limejaa katikati kwa herufi za dhahabu juu ya nyeupe, tena jina lenyewe la Kizungu, chini yake dira na dhamira, namba nne za simu, halafu KARIBUNI SANA. Neno asali lilikuwepo, ila kule chini karibu na email, mpaka uchuchumae ndo ulione. Siku ya tatu dada wa banda la jirani, yule wa batiki, akaniuliza, "Kaka samahani, hivi wewe unauza nini hasa?" Nikachana boksi la maji, nikaandika kwa maka peni ASALI YA NYUKI WADOGO, ONJA BURE, nikalining'iniza kwa kamba ya katani. Saa kumi jioni vijiko vya kuonjea vilikuwa vimeisha.

Sasa kwa mnaojiandaa kwenda pale viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, au mnaosubiri Nane Nane, yale maonyesho ya wakulima, haya ndo ninayofanya siku hizi.

Anza na hesabu ya miguu. Banda la mita tatu mtu anayetembea taratibu analimaliza kwa sekunde tatu nne hivi, na hapo ana mtoto anavuta mkono anataka aiskrimu. Kwa muda huo hasomi dira yako. Anasoma maneno matatu mpaka matano, basi. Kwa hiyo herufi kubwa kuliko zote kipe KITU unachouza, sio jina lako. Jina liweke dogo juu pembeni na logo. Najua inauma, jina umelisajili kwa hela na jasho, lakini kama hujawa mtu anayejulikana nchi nzima jina lako halimwambii mpita njia chochote. Mstari wa pili mpe sababu ya kusimama: onja bure, njoo uone inavyosaga, mashine inatumia umeme wa jua. Mstari wa tatu bei.

Ndio, bei. Watu wanaogopa sana kuandika bei, wanasema mteja atakimbia. Mimi nilichoona ni kinyume chake, watu wengi wanaona aibu kuuliza, wanahisi wakiuliza wamekwama lazima wanunue, kwa hiyo wanapita tu wanaangalia kwa jicho la pembeni. Ukiandika "kuanzia" na namba, anayeiweza anasogea mwenyewe. Na "bei poa" sio bei jamani, kila banda limeandika bei poa. Kwenye meza kila chupa iwe na kikadi chake kimesimama, kina ujazo na bei, ili wewe uwe huru kuongea na mtu badala ya kutaja namba ileile mara mia mbili kwa siku.

Ukubwa wa herufi kuna kanuni ya mafundi ya kubebea kichwani: kila mita tatu za umbali, herufi iwe na urefu usiopungua sentimita mbili na nusu. Hicho ni kipimo cha kusomeka bila kukaza macho. Mimi neno kuu naliandika kwa herufi za sentimita 20 na kuendelea. Na kuna jaribio la bure kabisa: chukua dizaini ya bango la mita tatu, iprinti ijae upana wa karatasi ya A4 iliyolazwa, hapo imepungua kama mara kumi, bandika ukutani simama mita moja. Unachokiona ndo atakachokiona mtu aliye mita kumi. Mwite mtu ambaye hajui biashara yako, mwonyeshe kwa sekunde tatu, funika, muulize nauza nini. Akisita, rudi kwa dizaina. Usimuulize mkeo au mumeo, huyo anajua tayari.

Rangi sina mengi. Nyeusi kwenye njano inasomeka, nyeupe kwenye kijani iliyokoza au bluu iliyokoza inasomeka, nyekundu juu ya bluu inaumiza macho, dhahabu juu ya nyeupe ndo kosa langu nililokwisha kusimulia. Piga picha kwa simu uigeuze nyeusi na nyeupe, maneno yakizama kwenye rangi ya nyuma ujue tatizo lipo.

Kitu ambacho dizaina hatakwambia kwa sababu yeye hakai bandani: banda likipata wateja, wateja wenyewe ndo wanaziba bango. Wakisimama watu sita mbele ya meza yako, kila kilicho chini ya vichwa vyao hakipo. Kwenye bango la nyuma maneno ya maana yote yakae juu, kuanzia kama mita mbili kutoka chini. Lile bango la kusimama la kuvuta, rolapu, kawaida ni sentimita 85 kwa mita mbili, kwa hiyo usitegemee kabisa nusu yake ya chini, hapo weka picha tu. Usiliweke nyuma ya meza, liweke kwenye kona ya kuingilia. Na kama uko nje, usilisimamishe bila mzigo, Julai ni kusi, ule upepo wa mchana hauna adabu. Langu lilianguka kwenye sinia la mteja wa chipsi, nikalipa chipsi. Funga kwa kamba au weka mfuko wa mchanga miguuni.

Lipa namba usiipeleke kwenye bango la nyuma. Iprinti kadi yake ngumu, isimame mezani pale mkono wa mteja unapofika. Msimbo wa QR nao una umbali wake, ukubwa wake uzidishe kwa kumi ndo umbali simu itausoma vizuri, wa sentimita mbili kwenye bango la ukutani ni pambo tu.

Kuprinti sasa. Pima banda KABLA, usikubali "mabanda yote sawa". Logo usitume screenshot ya WhatsApp, itatoka na ukungu, tuma faili la PDF na ulitume kama dokumenti ili lisibanwe. Rangi za kwenye skrini hazitoki vilevile kwenye fleksi, lile turubai la plastiki la mabango, bluu hasa huwa inafifia, omba wakuprintie kipande kidogo kwanza. Omba fleksi isiyong'aa kama uko ndani, la sivyo taa zinapiga maneno hayasomeki. Pete za chuma za kupitishia kamba waweke pande zote, sio kona nne tu. Halafu isome kazi neno kwa neno kabla hawajabonyeza, na namba ya simu usiisome, ipigie. Mimi nilishapokea bango limeandikwa NYUKI WADONGO, mita tatu nzima, na saini yangu mwenyewe ilikuwepo pale kwenye karatasi ya kukubali kwa hiyo hata kulalamika sikuweza.

Yote haya yamalizike katikati ya Juni, maana maonyesho huanza tarehe 28 na wiki ile ya mwisho kila mtu mwenye banda yuko Kariakoo anabembeleza foleni ya kuprinti. Mwaka usiuandike, wala usiandike "Sabasaba", ili Agosti ulibebe hilohilo Nane Nane. Likunje kwa kuviringisha, upande wenye maandishi nje, ukilikunja kama shuka ile mikunjo haiondoki. Na kwenye begi la banda tupia maka peni nene na boksi tupu moja.