Unataka Tanga ianze kubuni vitu vyake? Anzia hapa

Watu wanadhani nchi zinazobuni sana zina watu wenye akili kutuzidi, sio kweli. Korea Kusini miaka ya 60 mwanzoni ilikuwa maskini wa kutupwa, leo inaweka karibu asilimia 5 ya pato la taifa kwenye utafiti, na sisi Umoja wa Afrika unatuomba tufike angalau 1. Ila hela sio yote, kikubwa mimi naona ni kwamba kwenye nchi kama hizo mtu akijaribu kitu kikafeli hafilisiki, anajaribu tena. Sasa hilo tunaweza kulianza wenyewe hapahapa.

Tafuta kwanza kinachotupwa. Mkonge tunao tangu 1893, nenda kasimame kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, uangalie jani linavyoingia, huku zinatoka singa, yaani nyuzi, za kwenda kuanikwa, huku linamwagika rojo la kijani linalonuka, na hilo rojo ndo karibu jani lote maana singa ni kama asilimia 4 tu! Kule Hale, Korogwe, walishaonyesha kuwa mabaki yale yanatoa biogesi mpaka umeme. Bado kuna mbolea, chakula cha mifugo, vitu kibao havijaguswa vya kutosha.

Alafu wakutanishe watu. Mtafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano anajua kilichomo kwenye lile rojo, fundi wa kuchomelea Ngamiani anajua kutengeneza mtambo, na hawajuani. Mpeleke mtafiti gereji mchana mmoja, bila semina wala posho, wakae kwenye mabenchi waulizane. Marekani mwaka 1980 walipitisha sheria ya Bayh-Dole, vyuo vikaruhusiwa kumiliki uvumbuzi uliofanywa kwa hela ya serikali na kuzipa kampuni leseni, yaani waliwapa watu wa vyuo na wa viwanda sababu ya kutafutana.

Kwenye hela naomba unisikilize vizuri. Usijaribie kitu kipya kwa kausha damu, marejesho ni kila wiki na mtambo wako haujafanya kazi hata siku moja, utauza mpaka kitanda. Hela ya kujaribia mchangishane kikundi kidogokidogo kama mnavyofanya vikoba, na mkubaliane kabisa mwanzoni kwamba ikipotea hakuna anayedaiwa wala kusemwa mtaani. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri haina riba lakini inarudishwa, kwa hiyo iombeni mkishaanza kuuza. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao wapo tangu 1973, kaulizeni kuhusu mashine na mafunzo.

Kabla hujapeleka kitu maonyeshoni pitia BRELA, wakala wa usajili wa biashara, uulizie hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi wako, maana hataza inataka kitu kiwe kipya na wewe ukishakianika mbele ya watu unaweza kupoteza haki yako.

Na nyie madiwani, mteja wa kwanza ndo mgumu kuliko wote. Kikundi kikitengeneza jiko la biogesi linalofanya kazi, halmashauri inunue moja iweke kwenye shule ya bweni, walilipe kwa wakati, na wapishi waulizwe kila mwezi nini kirekebishwe.