Badilisha paswedi yako ya databesi mwenyewe
Wakuu, kama mnatumia PostgreSQL (programu ya kuendesha databesi) watu wengi databesi moja, acheni kumsubiri admin awabadilishie paswedi, akishaijua yeye hiyo si siri tena. Huhitaji ruhusa ya ziada, ingia psql (programu ya kuandikia amri za PostgreSQL) kwa akaunti yako, andika \password bonyeza enta, itakuuliza paswedi mpya mara mbili na unavyochapa hakionekani kitu. Kuandika ALTER ROLE (amri ya SQL ya kubadili akaunti) na paswedi waziwazi siipendi kabisa, inabaki kwenye historia ya amri na inaweza kuangukia kwenye logi za seva (rekodi za yanayofanyika humo), ila \password inaifumba isisomeke hukohuko kwenye mashine yako kabla haijatumwa. Lakini kila mtu awe na akaunti yake, mkichangia moja ukibadili tu umewafungia wote nje.