Pedali ya Breki Ikizama: Kutafuta Tatizo na Kutoa Upepo Nyumbani

Mteremko wa Manyovu kuja Kigoma mjini hauzisamehi breki zenye mafuta machakavu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. DOT 4 mpya (aina ya mafuta ya breki) huchemkia nyuzi 230 au zaidi. Yakishanyonya maji, yanaweza kuchemkia nyuzi 155 tu. Dereva akikanyaga mfululizo mteremkoni mafuta huchemka, mvuke hujaa ndani ya paipu, na pedali inakwenda hadi chini. Yabadilishe kila baada ya miaka 2.

Usikimbilie kununua pedi, ipime kwanza pedali. Zima injini, kanyaga mara nne au tano mpaka iwe ngumu, kisha ishikilie kwa nguvu ileile nusu dakika. Ikizama taratibu, kuna kinachovuja: kagua kila gurudumu kwa ndani, paipu, mipira na chini ya masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedali). Kukiwa kukavu kote na kiwango hakipungui, mipira ya ndani ya masta imekwisha. Kiwango kikipungua bila tone kuonekana nje, masta inavujia ndani ya busta (kopo kubwa nyuma yake linaloupunguzia mguu kazi). Pedali inayobonyea kama sponji, kuna upepo ndani ya paipu za mafuta. Ile iliyo chini lakini inapanda ukipampu, mara nyingi shuu za nyuma (vipande vinavyobana ngoma ya gurudumu kwa ndani) zimekaa mbali na ngoma na zinahitaji kusogezwa karibu tu.

Mguu ukiwa bado juu ya pedali, washa injini. Inatakiwa ishuke kidogo. Ikibaki ngumu, angalia busta na mpira wake wa upepo. Pedi zikibaki milimita 3, badilisha za kushoto na kulia pamoja.

Kwa kutoa upepo andaa jeki, stendi, kabari za magurudumu, spana ringi (nyingi ni namba 8 au 10), mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chupa, na lita 1 ya mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha masta. Nunua kopo ambalo halijafunguliwa. Oili ya injini au dizeli usiweke kamwe: mipira yote itavimba.

Kwenye magari mengi yenye usukani kulia, unaanza nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, kisha mbele kulia. Chomeka mpira kwenye nipo (skrubu yenye tundu ya kutolea upepo, nyuma ya breki ya gurudumu), ncha ya pili izame kwenye mafuta ndani ya chupa. Msaidizi akanyage taratibu na ashikilie, aseme "Nimeshika!" Fungua nipo robo mzunguko, mapovu yatoke, funga, ndipo umwambie "Achia!" Akiachia kabla hujafunga, hewa inarudi ndani. Weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike sakafuni, maana kwenye masta ya zamani mipira huchanwa na kutu ya sehemu isiyozoea kufika. Ongeza mafuta kila baada ya mikanyago mitano hivi. Masta ikikauka, unaanza upya. Yakimwagikia rangi ya gari, mwagia maji mengi haraka.

Gari lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki kwa nguvu) ambalo hewa imeingia kwenye pampu yake huhitaji kifaa cha kompyuta cha fundi.

Jaribu kwanza kwenye tambarare kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ikiwa pedali bado laini baada ya lita nzima kupita, kuna mahali panaingiza hewa: liache gari hapo, mwite fundi.