Kuku mgeni usimfungulie kesho yake

Kila gulio likipita swali ni lile lile, afisa, kuku niliowanunua wamepotea, au wanalala juu ya mwembe wa jirani na bandani hawataki kuingia. Nikiuliza uliwafungia siku ngapi, jibu ni moja: nililaza usiku mmoja asubuhi nikawatoa wale majani. Basi hapo ndo hela imeondoka. Usisingizie kicheche wala kibaka, mlango umeufungua mwenyewe.

Kuku hajui kama umemnunua. Yeye kwao ni pale alipokuwa analala, jua likishuka anapatafuta, akipakosa anapanda popote palipo juu, iwe mti au paa la jiko, na akilala hapo siku tatu nne pameshakuwa kwake.

Kwa hiyo wafungie siku 14. Kumi na nne, sio mbili, na sio "wiki moja maana walikuwa wanapiga kelele sana nikawaonea huruma". Chakula ndani, maji ndani, gramu 100 mpaka 120 kwa kuku mkubwa kwa siku, na wasizidi watano kwa mita moja ya mraba, wakibanana wanaanza kudonoana. Kama una kuku wengine nyumbani hizo 14 wageni wakae mbali nao kabisa, ugonjwa wa mdondo (kideri) wa gulioni hauonekani siku ile ile, alafu wakihamia banda kubwa unafungia wote siku 7 nyingine. Najua utanuna, ila kuzika banda zima ni gharama zaidi. Na chanjo ya mdondo, tone moja jichoni kila miezi 3, hilo mnalijua.

Wapo wanaoniambia mbona wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ni kweli, na kumzuia walikuwa sahihi, ila kamba inamfundisha kigingi, haimfundishi banda, na mchana ukiwa shamba mwewe akija huyo kuku atakimbilia wapi?

Sasa humo ndani awe na pa kulala, maana wengine mnafungia kuku kwenye sakafu tupu mnategemea apapende. Fito unene wa mpini wa jembe, yani sentimita 4 hadi 5, pembe zipigwe randa. Bomba la chuma hapana, linateleza. Kila kuku sentimita 20 za fito, na kutoka ukutani sentimita 30. Kienyeji fito iwe sentimita 60 hadi 90 toka chini, chotara ni wazito wawekee 45. Viota vya kutagia viwe chini kuliko fito, ukikosea hapo watalala kwenye viota na mayai yatajaa kinyesi, hii nimeisema mpaka nimechoka. Angalia na utitiri kwenye nyufa za fito usiku kwa tochi, kuku hawezi kurudi sehemu anakonyonywa damu.

Atakayelala chini mpandishe kwenye fito usiku gizani, hana ubishi saa hizo, kesho yake tena, mpaka ajue. Wakipanda wenyewe bila kushikwa ujue wamezoea.

Siku ya kufungua usifungue asubuhi! Fungua saa 11 na nusu jioni, saa moja kabla ya giza, na chakula cha mchana usiwape, wawe na njaa ili wasiende mbali. Acha mlango na dirisha wazi mwanga uingie, kuku haingii banda lenye giza kuliko nje. Kesho yake saa 10 na nusu, keshokutwa saa 9 na nusu, unarudi hivyo hivyo saa moja moja mpaka ufike asubuhi. Akigoma mmoja kurudi huyo anaanza upya siku 7 peke yake, sio wote. Na mtama wa kuwavutia ndani jioni, hata wakishazoea usiuache, mwaga ndani ya banda, sio mlangoni.