Kibonyezo cha piano kikikwama: tafuta hitilafu kwanza

Piano nyingi za kusimama hapa Kisumu ni za makanisa na shule, nazo ni kuukuu. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, mbao na felti (kitambaa kizito cha sufu kilichoshindiliwa) hunywa unyevu na kuvimba, ndipo vibonyezo vinapokwama. Naumia nikisikia piano imetupwa stoo kwa sababu hiyo, maana kasoro hii hurekebishika.

Inua kifuniko cha juu, fungua vishikizo vya ndani, utoe ubao wa mbele. Sasa tulia hapa, kwa maana wengi huanza kuchokonoa mahali pazima. Sukuma nyundo ya kibonyezo kilichokwama, ile inayogonga waya, kuelekea kwenye waya, uiachie. Ikirudi kwa uvivu, egemeo lake limebana. Hiyo mwachie fundi. Ikirudi upesi, inua kwa kidole kipande kinachokalia mkia wa kibonyezo, ukiachie. Kikianguka bila kusita, basi tatizo ni kibonyezo chenyewe.

Angalia kwanza kama kuna penseli au sarafu iliyoangukia kati ya vibonyezo. Mashuleni hiyo ni kawaida sana. Kama hakuna, toa kifuniko cha vibonyezo na ubao unaovizuia, ukichomoe hicho kimoja. Kina matundu mawili yenye felti, moja chini ya ncha ya mbele na jingine katikati, yanayoingia kwenye pini za chuma. Pini yenye kutu isugue kwa msasa laini kabisa, uifute. Felti iliyovimba ibane kidogo kwa koleo lisilo na meno, ukirudisha na kujaribu kila mara. Ukizidisha, kibonyezo kitayumba na kugonga.

Maswali

Mwanakwaya, Kakamega: Mwalimu, nikitia mafuta ya cherehani je?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mafuta huloweka felti, hunasa vumbi, na baadaye kibonyezo hukwama vibaya zaidi.

Mzazi, Nakuru: Yetu haikwami, ila tukiituni, baada ya wiki noti kadhaa zimeshuka. Nikaze kwa spana?
Jibu: Usikaze. Waya zote pamoja huvuta kwa nguvu ya tani 15 hadi 20, na spana ya kawaida huharibu kichwa cha kigingi, yaani pini inayozungushwa kukaza waya. Huenda tundu la mbao limepanuka. Fundi ataweka kigingi kinene zaidi. Mwandikie noti zinazoshuka kabla hajafika.