Wakala, jiandae kwa hesabu kabla ya siku ya kura

Tanzania Bara kura huhesabiwa kituoni palepale zilipopigwa, baada ya saa 10 jioni, waliokuwa kwenye foleni wakishamaliza kupiga. Kwa wakala wa Dar es Salaam, yaani mtu anayekiwakilisha chama au mgombea kituoni, maana yake ni kwamba umeingia kwenye darasa lililogeuzwa kituo kabla ya saa 1 asubuhi, umeshinda na joto, na kazi hasa inaanza ukiwa hoi. Mafunzo mengi ya vyama hukazania namna ya kubaini wizi. Ni sawa, lakini mimi naona wengi wanaangushwa na kujumlisha na kutoa tu, kunakofanywa na mtu mwenye njaa, gizani, huku wenzake wakimhimiza amalize.

Barua ya utambulisho na kiapo cha kutunza siri vimalizwe mapema, na barua isomwe neno kwa neno. Jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, na kituo kiwe ndicho hasa. Mbagala au Manzese shule moja ya msingi inaweza kuwa na vituo kadhaa, kila darasa na orodha yake ya majina. Ukipangiwa darasa hili barua ikataja la jirani, asubuhi nzima utaimalizia mlangoni ukibembeleza. Nenda siku moja kabla, uione orodha iliyobandikwa.

Watu wazima wa jiji hili wanakumbuka 1995. Uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi ulivurugika Dar: vifaa vilichelewa, vituo vingine havikufunguliwa kabisa, na Tume ya Uchaguzi ikafuta upigaji kura katika majimbo yote 7 ya mkoa. Ukarudiwa Novemba 19. Hapakuwa na haja ya mtu kuiba chochote. Karatasi hazikufika, basi. Kwa hiyo daftari lako lianze na vifaa: karatasi za kura zilizopokelewa ni ngapi, zimeanzia namba gani hadi gani, kituo kimefunguliwa saa ngapi. Sanduku likionyeshwa kuwa tupu, angalia kweli, usiitikie tu. Likifungwa kwa lakiri, andika namba zake. Jioni, kabla halijafunguliwa, zilinganishe.

Hesabu yenyewe ifanyie mazoezi nyumbani mpaka uizoee. Tuseme kituo kimepokea karatasi 500 za ubunge. Waliopewa karatasi na kupiga kura ni 312, moja iliharibika mpiga kura akabadilishiwa, zilizobaki ni 187. Jumla 500, sawa. Sandukuni basi zitoke 312: ikiwa kura halali ni 305, zilizokataliwa ziwe 7. Zikitoka 340, hakuna haja ya hotuba wala ya kupandisha sauti. Uliza hizo 28 zimetoka wapi, na uombe zihesabiwe upya kabla fomu haijajazwa. Zikitoka 311, tulia. Huenda mtu ameitumbukiza karatasi yake kwenye sanduku la udiwani, au ameondoka nayo mfukoni. Rudia hivyo kwa rais na kwa diwani. Mweka hazina wa kikoba hafungi kitabu mpaka fedha ya sandukuni ilingane na ya daftarini, na hapa ni hivyohivyo. Kila anayepiga kura mwekee tiki daftarini, na uzihesabu tiki hizo kila saa, usisubiri jioni.

Kura ya kubishaniwa itakuwepo, alama imegusa mstari au imewekwa pembeni ya picha. Mkubaliane kigezo kabla ya kuanza kufungua karatasi, maana kikishaanza kutafutwa wakati kura ya mgombea wako iko hewani, hakuna atakayemwamini mwenzake.

Halafu fomu ya matokeo. Malawi, Februari 2020, Mahakama ilifuta uchaguzi wa rais wa mwaka uliotangulia, na miongoni mwa kasoro zilizotajwa ni fomu zilizosahihishwa kwa Tipp-Ex. Ile wino nyeupe ya chupa ndogo, ya dukani! Ukiiona mezani, omba iondolewe. Kosa likatwe kwa mstari mmoja, namba ya zamani ibaki inasomeka, na waliopo wasaini pembeni. Usisaini fomu yenye nafasi tupu, hata kama msimamizi wa kituo ni mtu wa heshima mnayesali naye. Dai nakala yako, na hakikisha nyingine imebandikwa nje.

Kuhusu umeme na mtandao sitasema mengi. Beba taa ya kuchaji, kalamu mbili, maji na chakula chako mwenyewe, kwani chai ya kupewa na mtu wa chama kingine huzua maneno. Usitegemee kutuma matokeo kwa WhatsApp. Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa nchini siku ileile ya kura, na Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni, muda ambao hesabu ndiyo kwanza imepamba moto. Aliyepanga kurudi na bodaboda usiku alikwama. Panga mapema utalala wapi na nakala yako itamfikia nani kwa mkono.

Kutoka kituoni, takwimu za ubunge na urais huenda kujumlishwa jimboni. Chama kiwe na mtu wa pili huko, mwenye nakala za vituo vyote, anayesoma mstari kwa mstari namba zinapoitwa. Ubunge ukileta mgogoro, kuna kesi Mahakama Kuu. Urais hauna mlango huo: Ibara ya 41(7) ya Katiba hairuhusu mahakama kuchunguza matokeo yaliyotangazwa na Tume, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema mwaka 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka haki. Kwa hiyo kasoro ya kura za rais iandikwe kwenye fomu ya malalamiko mkiwa bado darasani, kabla sanduku halijapakiwa garini.