Kula potasiamu ya kutosha ili figo iachie chumvi

Kupunguza chumvi mezani bila kuongeza potasiamu ni kufanya nusu ya kazi. Karibu na mwisho wa mrija wa figo kuna protini iitwayo NCC, inayovuta chumvi kutoka kwenye mkojo na kuirudisha damuni. Seli za hapo hupima potasiamu ya damu. Ikishuka, kloridi ndani ya seli hupungua, vimeng'enya vya WNK huamka na kuiwasha NCC, na figo hung'ang'ania chumvi hata kama umekula chumvi tele. Presha hupanda. Potasiamu ikiongezeka, NCC huzimwa (kwa panya wa maabara haichukui hata saa moja). Sodiamu ya chumvi hiyo husonga mbele hadi kwenye milango ya sodiamu iitwayo ENaC, na hapo mlango wa potasiamu uitwao ROMK hutoa potasiamu iliyozidi kwenye mkojo. Haidroklorothiazidi, kidonge cha presha kinachofahamika sana, huziba NCC hiyohiyo, ila hukupotezea potasiamu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku, na chumvi isifike gramu 5. Kikombe cha mchicha uliopikwa kina takriban 850, cha maharage mekundu yaliyoiva 700, kiazi mviringo cha wastani kilichochemshwa na ganda 515, nusu parachichi 490, ndizi mbivu moja 420. Hapo umekaribia 3,000. Maziwa, nyanya na ugali vitajaza pengo.

Wengi hukosea jikoni. Potasiamu huyeyuka majini, kwa hiyo mchicha uliochemshwa kisha ukakamuliwa umeshapoteza sehemu kubwa. Uive kwa maji yake wenyewe, sufuria ikiwa imefunikwa, na mchuzi wa maharage usiumwage.

Mwenye figo dhaifu, au anayetumia dawa kama enalapril, losartan au spironolactone, ambazo hupandisha potasiamu, asifuate hesabu hii kabla ya kupima damu. Kiwango cha kawaida ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Kikifika 6 mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Akiambiwa apunguze, viazi avimenye, avikate vidogo, avichemshe kwa maji mengi na kuyamwaga: karibu nusu ya potasiamu huondoka. Kuviloweka usiku kucha kwenye maji baridi hakusaidii sana. Asome pia kibandiko cha chumvi mbadala, kwa kuwa nyingi zina kloridi ya potasiamu.